Kaunti inataka kukopa benki ilipe mishahara na sisi wauzaji. Nifurahi au niogope?

Mama Maharagwe

Salamu zenu. Naomba mnisaidie kabla ya Alhamisi. Siku hiyo wadi yetu ina kikao cha maoni ya umma, na sisi wenye madai tumeambiwa tutapewa nafasi ya kusema.

Mimi huuza chakula kwa hospitali moja ya kaunti hapa Pwani. Maharagwe, mchele, kabeji, vitunguu, na maziwa siku ambazo muuza maziwa wangu hajanitoroka. LPO ya kwanza, ile karatasi ya kaunti ya kuagiza bidhaa, nililipwa baada ya miezi miwili, nikajiona nimefika. Sasa hivi kwenye kabati la sebuleni kuna ankara za miezi kumi na minne, jumla yake Sh612,400. Bidhaa zenyewe nilizinunua kwa mkopo wa Sacco, na mdhamini wangu ni kaka yangu wa kuzaliwa. Siku hizi kaka akinipigia simu haanzi na hujambo.

Kila Ijumaa huenda ofisi ya fedha ya kaunti. Jibu ni moja tu: "Pesa hazijatoka Nairobi." Nimelisikia mpaka mwanangu wa darasa la nne ameliiba. Nikimtuma dukani nikimwuliza chenji iko wapi, ananiambia haijatoka Nairobi.

Wiki jana tukasikia kaunti imeongea na benki. Wanataka mkopo wa muda mfupi walipe mishahara ya miezi miwili, mafuta ya ambulensi, na sisi wauzaji wadogo. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, anasema Katiba hairuhusu kaunti ikope kwa ajili ya mishahara, mkopo ni wa barabara na hospitali. Diwani wetu anasema hayo ni maneno ya watu wasiojua, mbona serikali kuu inakopa kila wiki na hakuna anayepiga kelele?

Mimi nimekwama katikati. Wakikopa, nalipwa, na kaka ananisalimu tena. Lakini najiuliza mwaka ujao benki itakapoanza kukata chake, hiyo kabeji watainunua kwa nini? Wenye kujua mambo haya nielezeni kwa lugha ya sokoni.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mama, wakope. Wakope leo.

Mimi niko kaunti nyingine, kituo cha afya cha mashambani. Mshahara wa mwezi ukichelewa hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata, benki yangu hainiambii pole, inanikata faini kwa sababu nilichukua mkopo kwa payslip. Nikikosa nauli nakopa kwa simu. Juzi nilikopa elfu tatu nikalipia dada wa kazi, baada ya wiki mbili nadaiwa elfu tatu na mia nne na ushee. Hayo ndiyo maisha ya mtu mwenye kazi ya kudumu serikalini.

Na nimezalisha mama kwa mwanga wa simu kwa sababu jenereta haikuwa na dizeli. Mtu akinijia na hoja za vifungu vya sheria kuhusu dizeli namwambia aje alale nasi usiku mmoja.

Ukweli Mchungu

Wakopeshwe halafu? Pesa zitapita kwa mishahara hewa na safari za Dubai za "kujifunza". Mkopo au mgao, mwizi ni yule yule.

Mzee wa Vocha

Mama Maharagwe, salaam. Nimefanya kazi ya uhasibu miaka thelathini na moja. Nilianzia halmashauri ya manispaa enzi za madiwani na mameya, nikamalizia kaunti. Nimeshika ovadrafti, ule mkopo wa kutoa benki zaidi ya ulichonacho kwenye akaunti, kwa mikono hii, kwa hiyo nivumilie nikiwa mrefu kidogo.

Kwanza jirani yako mwalimu. Kwa sehemu kubwa yuko sawa. Kifungu cha 212 cha Katiba kinaruhusu kaunti kukopa pale tu serikali ya kitaifa inapodhamini mkopo na bunge la kaunti likauidhinisha. Vyote viwili, si kimoja. Kisha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inasema, kwa kipindi cha miaka kadhaa, mikopo ya kaunti itumike kwa maendeleo peke yake, isiingie kwenye matumizi ya kawaida. Lakini sheria hiyo hiyo imeacha mlango mdogo wazi: mkopo wa muda mfupi wa kuziba pengo la fedha, usiozidi asilimia 5 ya mapato ya mwisho yaliyokaguliwa, na ulipwe ndani ya mwaka mmoja. Bila shaka hapo ndipo kaunti yenu inapopitia.

Mlango huo una sababu yake. Mshahara ni wa kila mwezi, lakini mapato hayana adabu hiyo. Leseni za biashara huja kwa wingi Januari hadi Machi, halafu kimya. Mgao wa kitaifa, zile pesa za kutoka Nairobi, una ratiba ya mwezi kwa mwezi iliyoidhinishwa na Seneti, na kila mtu anajua ratiba hiyo huheshimiwa vipi. Tuseme kaunti ina mapato ya bilioni 8. Asilimia 5 ni milioni 400. Tuseme mishahara ya mwezi ni milioni 300. Ukiikopa yote kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, ukairudisha baada ya mwezi, riba ni milioni 3.5. Si pesa za kuchezea, ila hebu jumlisha faini za benki na mikopo ya simu ya wafanyakazi wote wa aina ya huyu binti yangu Nesi. Naamini inapita hapo. Kwa pengo la namna hiyo mimi sina ugomvi na benki.

Tatizo ni kwamba kuna mapengo ya aina mbili na yanavaa nguo moja. Kuna pesa iliyochelewa, na kuna pesa isiyokuja kamwe. Mwaka wa fedha wa 2024/25 kaunti zilianza zikiwa na ahadi ya bilioni 400.1. Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, ukaangushwa na vijana barabarani, mvutano ukaendelea miezi, mwishowe zikapata bilioni 387.4. Zile karibu bilioni 13 hazikuchelewa. Hazipo. Kaunti iliyokuwa imeshaajiri na kutoa LPO kwa hesabu ya kwanza, ikienda benki kukopa "mpaka mgao utoke", inasubiri basi lililokwisha kuondolewa kwenye njia.

Ongeza na mapato ya ndani. Niliyaandika mimi mwenyewe, nisijifiche. Bajeti isipofunga, mkubwa anasema: pandisha ada za maegesho. Unapandisha kwenye karatasi. Magari hayaongezeki. Karatasi inafunga, bunge linapitisha, na lile pengo linabaki limeandikwa jina la mapato.

Sasa hadithi ya ovadrafti. Miaka ya mwanzo ya tisini manispaa yetu ilichukua ovadrafti kulipa mishahara ya Desemba, iwe ya wiki sita, mpaka leseni za Januari ziingie. Leseni zikaingia. Lakini Januari nayo ina mishahara. Tukalipa benki asubuhi, tukakopa tena alasiri, karani wa benki akicheka kwa sababu alikuwa ameacha fomu mezani. Kila mwaka kiwango kikapanda kidogo. Mwaka 1999 ulipoanza mfuko wa LATF, ile asilimia 5 ya kodi ya mapato iliyogawiwa halmashauri, sharti moja lilikuwa tuorodheshe madeni yetu yote. Siku ile ndipo mara ya kwanza niliona kwenye ukurasa mmoja kwamba riba ya mwaka ilizidi kile tulichotumia kwa taa za barabarani. Wiki sita zilikuwa zimefika mwaka wa saba. Hakuna aliyeiba, Ukweli Mchungu. Ningeweza kulala vizuri kama angekuwepo mwizi wa kumlaumu.

Na sasa jambo ambalo diwani wako hatakwambia, wala mwalimu. Mnauliza kama kaunti *ikope* kwa matumizi ya kawaida. Mwanangu, kaunti ilishakopa zamani. Ilikukopa wewe. Zile ankara kwenye kabati ni mkopo wa miezi kumi na minne, bila riba, bila dhamana, bila idhini ya bunge, bila mdhamini isipokuwa kaka yako. Nesi naye amekopesha mshahara. Makato ya pensheni yanayokatwa na kutopelekwa kwenye mfuko ni mkopo kutoka kwa wazee wa kesho, na mimi najua hivyo kwa sababu hesabu yangu ya pensheni ina miezi yenye mashimo. Mwisho wa Juni 2023 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliyahesabu madeni ya kaunti yasiyolipwa yakapita bilioni 160, zaidi ya nusu yakiwa ya Nairobi peke yake. Sheria iliweka ukuta mbele ya benki. Mbele yako haikuweka hata uzi.

Kwa hiyo kukataa mkopo wa benki hakumaanishi kaunti itaacha kukopa. Kunamaanisha itaendelea kukopa kwa mtu asiyeweza kukataa. Benki angalau huuliza: utanilipa lini, kwa pesa gani? Wewe ulipewa LPO ukasema asante.

Hata hivyo mkopo huu wenu mimi ningeupinga mpaka nione karatasi. Alhamisi usiulize kama kukopa ni kuzuri au kubaya, utaoshwa kwa maneno. Uliza tarehe. Mkopo utalipwa tarehe ngapi, kutoka kwenye mgao wa mwezi gani, na mwezi huo mishahara italipwa na nini? Akikujibu "mgao ukitoka", huo ndio mkopo wetu wa wiki sita. Uliza pia barua ya udhamini wa Hazina, yaani wizara ya fedha ya kitaifa, iko wapi.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mzee shikamoo. Umenifanya nijione mimi ni benki, na mimi sina hata elfu. Lakini bado hujajibu dizeli.

Mzee wa Vocha

Marahaba binti. Dizeli ilipwe kwanza, kabla ya posho za vikao, na hilo halihitaji mkopo. Nilipokuwa kazini tulikuwa na orodha ya malipo. Rasmi, aliyetangulia kuleta ankara ndiye angetangulia kulipwa. Kwa kweli aliyetangulia ni aliyepiga simu ofisi ya juu. Pesa ikiwa kidogo, orodha hiyo ndiyo bajeti yenyewe. Kuliko kubishana juu ya benki, ningependa kila kaunti iibandike mlangoni.

Mchumi wa Chumbageni

Wakuu, nipo Tanga, nasoma mjadala wenu kwa raha. Huku kwetu Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati za deni kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa mazingira, mwaka 2024, shilingi za Tanzania bilioni 53.12, miaka kumi, riba asilimia 13.5, na wanunuzi wakajitokeza kuliko kiasi kilichoombwa. Siyo halmashauri, ni mamlaka ya maji, lakini tofauti na mkopo wenu inaonekana wazi. Ile pesa ni ya miundombinu ya maji. Mwaka 2033 mteja anayelipa bili yake atakuwa anasaidia kulipa deni, na hapo hapo anakinga maji kwenye bomba lililotokana na deni hilo. Mshahara wa Mei ukishaliwa Mei, mtu wa 2033 analipia ugali asiouonja.

Nawauliza Wakenya: kwa nini kaunti zenu haziuzi hatifungani?

Mzee wa Vocha

Ndugu wa Tanga, Laikipia ilijaribu. Mwaka 2021 Baraza la Mawaziri liliikubalia hati fungani ya takriban bilioni 1.16 za Kenya kwa miundombinu, ila soko halikuiona. Jiulize kwa nini kaunti ihangaike miaka na washauri, Hazina, na soko la hisa, wakati Mama Maharagwe yupo na hana masharti.

Mswahili wa Bronx

Nimekaa New York tangu nikiwa na nywele. Mzee wa Vocha, hiyo hadithi ya manispaa yako ndiyo hadithi ya mji huu, ila kwa dola.

Miaka ya sitini mji ulianza kukopa kufunga bajeti ya kila siku, na baadhi ya gharama za kawaida zikahamishiwa bajeti ya maendeleo ili zionekane kama majengo. Kila mwaka hati za muda mfupi zililipwa kwa kuuza hati nyingine. Kufikia 1975 deni la muda mfupi lilikuwa takriban dola bilioni 6, na masika yake benki zikafunga mlango. Meya wa wakati huo, Abraham Beame, alikuwa amesomea uhasibu, na kabla ya umeya alikuwa ndiye msimamizi wa hesabu za mji. Kujua hesabu hakukutosha.

Nilipofika, wazee niliofanya nao kazi kwenye treni walikuwa bado wanaisimulia. Nauli ilipanda Septemba 1975 kutoka senti 35 hadi 50. Maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa, wazoa taka wakagoma, takataka zikarundikana kwenye joto la Julai. Chuo cha mji, kilichosomesha bila ada tangu 1847, kikaanza kutoza ada mwaka 1976. Na Oktoba 17, 1975, saa chache kabla ya mji kushindwa kulipa, aliyeuokoa ni nani? Mfuko wa pensheni wa walimu, ulionunua hati za lile shirika jipya lililoundwa kuukopea mji. Mzee, naona pensheni yako si ya kwanza kuitwa mezani.

Mpaka leo sheria za mji zinautaka ufunge bajeti yake kwa kanuni za uhasibu zinazokubalika. Mji bado unakopa sana. Lakini hadithi ya 1975 bado inatajwa kila bajeti ikibana, kama jina la maradhi yaliyowahi kuua ukoo.

Ukweli Mchungu

Mzee, kwa hiyo hakuna aliyeiba manispaa yenu? Hata mmoja?

Mzee wa Vocha

Walikuwepo, mwanangu, ila hawakuwa sababu ya ovadrafti. Waliiba vizuri hata miaka tusiyokopa.

Mama Maharagwe

Nimerudi, kikao kimekwisha. Tulikuwa watu kama arobaini chini ya turubai, soda zikaletwa baada ya sala.

Nilinyoosha mkono. Nikasema mimi ni mkopeshaji wa kaunti wa miezi kumi na minne na nimekuja kujua masharti ya mwenzangu benki. Watu wakacheka, hata afisa wa fedha. Nikauliza tarehe. Akasema mkopo utalipwa "mgao ukitoka". Nikamwuliza mgao wa mwezi gani, na mwezi huo manesi watalipwa na nini. Akafungua faili, akafunga, akasema hilo ni swali la kitaalamu, litajibiwa kwa maandishi. Mwalimu wangu akauliza barua ya udhamini. Nayo itajibiwa kwa maandishi. Diwani alikunywa soda yake.

Nilisema waandike hivi: mimi siupingi mkopo, lakini kama wanaukopa, orodha ya watakaolipwa isomwe bungeni kabla ya pesa kuingia, na ibandikwe mlangoni kama alivyosema Mzee. Mama mmoja anayeuzia shule za chekechea alipiga makofi peke yake, kisha wengine.

Jumatatu kaka alinipigia, safari hii alianza na hujambo. Nilimwambia sijalipwa, ila nimeacha kukopesha. Mpishi mkuu wa hospitali nimemwambia kabeji kuanzia sasa ni pesa mkononi, hata kama ni tano tu kwa siku. Ameninunia, lakini leo asubuhi alimtuma kijana na noti ya elfu moja, nikampa kabeji na chenji yake.